Nilivyompeleka Mama Furaha Houston Kuangalia Mieleka

Jamani, nimerudi. Niko Grand Prairie, hapa Texas, nimelala usingizi wa pono, nimekunywa chai, na simu yangu imejaa maswali yenu. Wa Morogoro mnauliza, wa Dar mnauliza, hata Shukuru, ambaye miaka yote hajui kazi yangu ni ipi, ameuliza: eti Hamisi, ni kweli ulitolewa ukumbini Houston kama mlevi wa harusini? Ni kweli, nilitolewa. Lakini mkitaka kucheka, chekeni kwa mpangilio, maana jambo lenyewe lilianzia mbali na siwezi kulieleza kwa vijisauti vya simu.

Niwakumbushe kwanza kazi yangu. Mimi ni kocha msaidizi wa mieleka, timu ya wasichana, katika chuo kimoja kidogo upande wa Mansfield. Kocha mkuu ndiye anayepanga na kuamua. Msaidizi anapiga deki mikeka, anafua nguo za timu, anaendesha gari, anabeba maji, na zaidi ya yote anaangushwa. Binti akitaka kujifunza namna mpya ya kumbwaga mtu, mtu wa kubwagwa ni mimi. Niliianza kazi hii nikiwa kijana mwenye nywele, na leo masikio yangu yamevimba kama maandazi yaliyozidi hamira. Silalamiki. Kuna kitambo kifupi ukiwa hewani, miguu imeshaacha ardhi na mgongo haujafika chini, ambapo dunia yote inanyamaza. Nadhani naipendea hapo.

Sasa, Furaha. Wachezaji wengine wote waliletwa na kocha mkuu. Furaha nilimpata mwenyewe. Jumamosi huwa nafundisha watoto mieleka bure katika chumba cha mikutano cha fleti fulani kule Vickery Meadow, mtaa wa Dallas walikojaa ndugu zetu Wakongomani. Siku moja akaja binti wa sekondari kumfuata mdogo wake arudi nyumbani kula. Mdogo akagoma. Binti akamkamata kiunoni, akamgeuza, akamweka begani na kuondoka naye, na hata kandambili hazikumvuka. Nilimkimbilia mpaka kwenye ngazi. Leo hii yuko chuoni kwetu, anasomea uuguzi na anapigana mieleka, na nikimwona mkekani najisikia kama mtu aliyejenga nyumba. Msaidizi hana kitu kinachobeba jina lake. Mimi nilikuwa na Furaha.

Ndiyo maana simu ya mama yake ilinitia hofu. Furaha alikuwa amerudi nyumbani na jicho limevilia damu, ajali ndogo tu ya mazoezini. Mama akasema hivi: "Kocha, mimi sikumubeba huyu mutoto mugongoni kutoka Fizi, kule Kongo, mpaka kwenye ziwa ili aje apigwe huku. Hiyo mashindano ya Houston nakwenda. Nikiona anaumizwa, namushika mukono tunarudi, na mieleka imeisha." Na Furaha, mkubwa wa kupiga kura, alinitazama akasema hawezi kuendelea kama mama hataki. Basi kocha mkuu akatangulia na wasichana kwa basi la chuo, akaniambia kazi yangu ni moja tu: kumleta mama, afike, akae, aridhike.

Vickery Meadow, alfajiri

Nilimkuta chini ya ngazi za fleti yao, amevaa kama anakwenda kwenye ubatizo: kitenge cha maua ya njano kiunoni, kingine cha namna hiyo hiyo mabegani, na pembeni yake masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kocha." Marahaba aliipata kambini Kigoma, alikokuwa mkimbizi, na huitoa kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha kuwa kwenu alishafika.

Ndani ya masufuria mlikuwa na sombe, yaani kisamvu cha kwao, samaki wakavu, na bugali, ugali wao, uliofungwa vipande vipande, chakula cha timu nzima. Nilimweleza kwamba wasichana hupimwa uzito asubuhi, na kabla ya hapo hawagusi kitu. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Munawanyima watoto chakula halafu munawaambia wapigane?" Nikasema wakishapimwa wanakula. Akasema, "Basi watakula hii," na mjadala ukafungwa. Gari langu lote likanuka samaki, na mpaka leo linanuka.

Kabla sijawasha injini akaomba. Mnanijua, mimi nasali kwangu, lakini dua ya mama wa mwenzio unaitikia amina. Aliombea breki. Aliombea matairi. Aliombea polisi wa barabarani wawe na mioyo laini. Akawaombea na wasichana ambao Furaha angekutana nao, wasivunjike kitu, na hapo nikaona kumbe huyu mama anamwamini binti yake kuliko anavyosema. Sikuthubutu kulitaja hilo.

Tukatoka. Majengo marefu ya Dallas yalikuwa bado na taa juu, chini hakuna mtu, na barabara ya kusini ilikuwa nyeupe kwa ukungu.

Corsicana, ndani ya ukungu

Ukungu ule, wenzangu, sijui niuelezeje. Tulipita Ennis nikiona mistari ya barabara. Kufika Corsicana sikuona hata boneti langu vizuri. Malori yalikuwa yanatokea mbele yetu polepole, taa nyekundu kwanza, kisha mwili, kisha yanayeyuka tena. Magari yote yalitambaa. Hakuna aliyepiga honi. Tulikuwa msafara wa watu tusiojuana, kila mmoja akimfuata wa mbele na kuamini kwamba yule anaona kitu.

Mama Furaha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, si kwa sauti, ni kama anaumumunya. Ulikuwa na kiitikio kinachorudi na kurudi, na mimi nikaanza kuelea. Niliona mkeka mkubwa wa bluu umetandikwa barabarani mpaka Houston, na wasichana wote niliowahi kuwafundisha wanatembea juu yake bila viatu, wengine nimeshasahau majina yao, na kila mmoja anaponipita ananigusa bega. Nilitaka kumwuliza mmoja siku hizi yuko wapi.

"Kocha, unalala?"

"Silali, Mama. Nawaza."

"Basi uwaze na macho wazi."

Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, akanikabidhi andazi, na ili nisisinzie tena akanisimulia. Alinieleza jinsi alivyotembea na Furaha mgongoni, mtoto akiwa na homa, na jinsi usiku mmoja alivyojua kwamba akimweka chini hata mara moja hatakuwa na nguvu ya kumwinua tena. Basi hakumweka. "Nilisimama namna hii mpaka asubuhi kukacha," akasema. "Sasa unaelewa. Mimi ndiye ninajua huyu mutoto ni kilo ngapi. Haiko mizani yenu ndiyo inajua."

Nilishika usukani, nikamwonea haya, na wakati huo huo nikamwogopa sana, maana nilijua kabisa kwamba mtu wa namna hii akimshika binti yake mkono hakuna chuo kitakachomfungua vidole.

Madisonville, pembeni ya barabara

Matairi yote aliyaombea, lakini nadhani la nyuma kulia lilimponyoka. Lilipasuka karibu na Madisonville, na tairi langu la akiba, nilipolitoa, lilikuwa limelegea halina pumzi hata kidogo. Tukasimama kwenye majani. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, ng'ombe wameanza kuonekana nyuma ya waya, wanatutazama wakitafuna.

Akasimama mzee mmoja wa Kizungu na gari la kubebea mizigo, kofia pana, maneno machache. Alikuwa na mashine ya kujazia upepo. Alilijaza lile tairi la akiba, akalifunga, hakutaka hata nimshikie spana. Mama Furaha wakati huo ameshafungua masufuria juu ya buti la gari.

"Eat, papa," akamwambia.

Mzee akasema ahsante, hapana, ameshakula. Sasa nyie mnaokaa huku mnajua: Mmarekani akisema hapana anamaanisha hapana, basi. Lakini kwa Mama Furaha ile hapana ya kwanza ni heshima tu, ni mlango wa kuingilia. Akampakulia. Mzee akanitazama mimi, nikainua mabega. Akala. Alikula kwa vidole, kofia ameiweka juu ya paa la gari langu, na sombe ilipomwingia vizuri akauliza ni mboga gani. Nikamwambia majani ya muhogo. Akasema hajui muhogo ni nini lakini mkewe marehemu angependa. Akaongezwa.

Halafu akauliza tunakwenda wapi, nami nikasema mieleka. Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akageuka, akasukuma nywele, akanionyesha sikio lake la kushoto: limevimba, limejikunja, sikio la mwanamieleka wa zamani. Akanyoosha kidole kwenye langu, akacheka, tukagonganisha ngumi kama ndugu waliopotezana. Alitutakia heri, akaondoka. Nilifurahi mno. Mpaka nilipomwona Mama Furaha.

Alikuwa anayatazama masikio yangu. Miaka yote tunajuana hakuwahi kuyatazama.

"Hii ndiyo inafanya masikio vile?"

"Inategemea, Mama."

"Na Furaha? Sikio yake?"

"Furaha anavaa kinga. Masikio yake mazuri kabisa."

Akafunika masufuria, taratibu, moja baada ya jingine. "Kocha, uniambie ukweli. Wanapigana namna gani kule? Mwanzo mpaka mwisho."

Hapa ndipo palipoharibika, na niliharibu mwenyewe. Ningeweza kumweleza. Lakini kumweleza ni kusema kwamba kumwangusha mtu ni mwanzo tu. Kwamba ukishamwangusha unamlalia, unamkandamiza, unamsokota mpaka mabega yake yote mawili yabanwe chini, naye anapiga mateke kutafuta pumzi. Nikaona lile jicho lililovilia damu, nikaiona na ile safari ya kutoka Fizi, mtoto mgongoni. Nikatafuta maneno laini.

"Ni mchezo wa upole, Mama. Wanashikana, wanasukumana kidogo. Mmoja akianguka, basi, imekwisha. Wanainuka, wanapeana mikono, kila mtu kwao."

Uso wake ukatulia. "Ah. Sawa na watoto wa kuchunga ng'ombe kule kwetu. Mutu akianguka, imeisha."

"Ndiyo, Mama. Hivyo hivyo."

Loo.

Huntsville

Huntsville nitaieleza kwa ufupi, maana ilikuwa kama ndoto na ndoto ya mtu haina utamu kwa mwingine. Misonobari inaanza huko, mirefu, pande zote mbili, na ukungu ulikuwa umening'inia juu yake tu. Kwenye kona moja likatokea juu ya miti sanamu la mtu mweupe, refu kupita kiasi, ana fimbo mkononi, hana miguu kwa sababu ukungu umeifunika.

Mama Furaha akashika kifua. "Yesu wangu. Huyu nabii gani?"

Nikamwambia ni mwanasiasa wa zamani wa Texas. Hakuniamini. Alisema mwanasiasa hawezi kusimama peke yake porini bila walinzi. Akampungia mkono hata hivyo, na tulipompita aligeuka nyuma mpaka miti ikamficha. Baada ya hapo akalala, kichwa kwenye kioo, na mimi nikaendesha kwa utulivu mkubwa kuliko wote wa siku ile. Nilijiona mjanja. Nilikuwa hata nimeanza kupanga namna atakavyotabasamu akiona mwanawe anashinda.

Houston, ndani

Houston walitupokea kwa foleni. Yale magari ya Conroe, ya viwandani, ya bandarini, yote yalikuwa yameamua kwenda tunakokwenda. Kila kocha mkuu alipopiga simu nilisema tumeshafika. Tulipoingia ukumbini Furaha alikuwa ameshashinda mapambano ya asubuhi na anaitwa kwa nusu fainali. Akishinda hiyo, tiketi ya mashindano ya taifa iko mkononi.

Ukumbi ule una mikeka imepangwa sakafuni kama vyumba visivyo na kuta, kila mkeka na wapiganaji wake, mwamuzi wake, kelele zake. Majukwaa yalikuwa yamejaa mpaka juu. Sheria inasema mzazi akae jukwaani. Lakini ningempeleka kule juu peke yake, katikati ya watu asiojua lugha yao, azidi kuogopa? Nikamkalisha nyuma ya kiti changu, pembeni kabisa ya mkeka. Kocha mkuu aliona, akakunja uso, akaniachia. Ni mtu mwema.

Furaha alimwona mama yake. Hakupunga, alivuta tu kamba za kinga yake ya masikio, lakini mimi namjua: alisimama tofauti.

Mpinzani wake alikuwa binti mrefu, mikono mirefu, mjanja. Wakazungukana. Nyuma yangu nilisikia Mama Furaha anapumua kwa pua. Yule mrefu akaingia miguuni, Furaha akamkwepa, akamkamata kiunoni. Mnakumbuka nilivyowaambia habari za mdogo wake na ngazi? Mwili ule ule. Alimwinua akamgeuza hewani, akaja naye chini mgongo kwanza, na ukumbi wote ukasema *aaah*. Nilisimama kwenye kiti. Furaha alikuwa juu yake, amembana. Mwamuzi alijitupa kifudifudi, shavu mkekani, anachungulia chini ya bega la mwisho. Bega moja limeshagusa. La pili linakwenda. Linakwenda.

Na hapo kigelegele kikanipita sikioni.

Nyie mliofika kwenye sherehe za Wakongomani mnaelewa. Mtoto akihitimu, bibi harusi akiingia, mgeni mkubwa akishuka garini, mama haangalii pembeni: anavua kitenge chake cha juu, anakitandika chini, apite juu yake anayestahili. Mimi mwenyewe nilishatandikiwa Vickery Meadow siku Furaha alipopokelewa chuoni. Na Mama Furaha aliambiwa na mtu anayemwamini kwamba mtu akianguka, imekwisha. Mtu ameanguka. Basi akapita pembeni yangu akiwa amenyoosha mikono, kitenge cha maua ya njano kimefunguka kama tanga, akaingia mkekani huku anaimba, akakitandika miguuni pa binti yake, na akapiga magoti kunyoosha kona iliyojikunja.

Filimbi. Mwamuzi aliinuka amefura. Yule binti mrefu akajinasua, akakaa, anatazama maua. Furaha bado alikuwa magotini, mikono imebaki hewani imekumbatia mtu asiyekuwepo. Alikiona kile kitenge, akamwona mama, na uso wake sitausahau.

"Nani amemleta huyu?" mwamuzi akauliza.

Nikainua mkono. Ningemwachia nani?

Akatutoa nje wote wawili. Kocha mkuu aliniambia tu, "Kaa naye." Nilikiokota kitenge, nikampa Mama mkono, tukatembea sakafu yote ile huku watu wanatupiga picha. Yeye alikuwa bado anatabasamu, anawapungia, anadhani tunasindikizwa.

Houston, nje

Nje palikuwa na ukanda wa majani kati ya maegesho na ukuta wa ukumbi. Mlango ulipofungwa nyuma yetu ndipo alipogundua.

"Juu ya nini tuko huku? Furaha iko wapi?"

Nikamweleza yote. Kwamba haikuwa imekwisha. Kwamba lilibaki bega moja. Kwamba wanaanza tena sasa hivi, wamesimama, na yule mrefu ameshapumzika. Nilikuwa naongea nikitazama matairi ya magari ya watu.

"Ulisema mutu akianguka imeisha."

"Nilikudanganya, Mama."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa. Nilijua ukiusikia ukweli utamchukua. Na mimi sina mwingine kama yeye."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikikunja kitenge mara nyingi mpaka kikawa kidogo kama kitabu cha nyimbo, akakishika kifuani. Ndani ukumbi ulinguruma mara moja, kisha tena, na ukuta haukutuambia ni kwa ajili ya nani.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Furaha, nywele zimefumuka, kinga ya masikio mkononi. Hakuwa na haja ya kusema kitu, lakini alisema, na kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku wakikasirika. Kwamba alikuwa amembana. Kwamba amepoteza kwa pointi moja. Kwamba ukumbi mzima unacheka. Akamgeukia mama yake, akahamia Kiswahili ili kila neno lifike. "Ulikuja kunitoa, si ndiyo? Basi umenitoa. Nimeacha. Twende nyumbani."

Nilikumbuka kwamba bado kuna pambano la mshindi wa tatu, na wa tatu naye anakwenda taifa. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nilikuwa nimeshasema vya kutosha siku ile, na nilijua kwamba kilichobaki hakikuwa changu. Kilikuwa cha yule mama, na neno alilolitaka tangu Dallas lilikuwa limeshasemwa na binti mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kumshika tu mkono.

Mama Furaha akamtazama mwanawe juu mpaka chini: mikono, shingo, jicho, masikio.

"Uache?" akasema. "Nani aache?"

"Mama, ulisema—"

"Nilisema nikiona unaumizwa. Nimeona? Mimi nimeona weye ukimubeba mutoto wa watu ukimutupa." Akakibana kitenge kifuani. "Nimetembea na weye mugongoni, nikisema huyu akikua hakuna mutu atamuweka chini. Leo nimeona kwa macho yangu. Halafu mimi mwenyewe nikakuharibia. Unisamehe, mutoto wangu. Iko ingine?"

Furaha akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ipo, ya mshindi wa tatu, karibu sana.

"Basi enda. Hii ingine mimi siko ndani. Enda uimalize."

Furaha alisimama pale, anafuta pua kwa mkono. Kisha akavaa kinga yake, akafunga kamba chini ya kidevu, akarudi ndani. Mimi machozi yalinitoka, sina haja ya kuwaficha.

Tukabaki. Mlinzi alisimama mlangoni kuhakikisha haturudi ndani. Mawingu ya Houston yalikuwa chini, ya kijivu, yenye joto, yanakwenda upande wa bahari bila haraka. Mama Furaha alikaa kwenye ukingo wa saruji, akainuka, akakaa tena.

"Kocha. Sasa uniambie ukweli. Mutu akianguka, halafu nini?"

Mnajua mimi kueleza kwa mdomo kumeshanishinda. Kazi yangu ni mwili. Nikalala chali kwenye majani, pale maegeshoni, na koti la chuo.

"Mimi nimeangushwa," nikasema. "Sasa naanza kukimbia. Hivi. Wewe hutakiwi kuniacha nigeuke."

"Nikushike wapi?"

"Mabega. Yote mawili mpaka yalale. Mwamuzi anachungulia chini yake, akiona hakuna nafasi anapiga ardhi kwa kiganja. Akipiga ndiyo imekwisha. Kabla ya hapo, haijaisha."

Alimtazama mlinzi. Akayatazama magari. Akakifunga vizuri kitenge cha kiunoni, akapiga magoti kichwani kwangu, akaniwekea viganja mabegani. Nikainua bega la kushoto kwa adabu. Akalirudisha. Nikainua la kulia kwa nguvu kidogo, maana mafunzo ni mafunzo. Akaniegemea na uzito wote wa maghala ya Dallas anakofanya kazi ya kubeba maboksi, na nawaapia, nilijaribu kweli. Nimebanwa na mabingwa. Sikuweza kusogea.

"Imeisha?"

"Bado, Mama. Mpaka apige."

"Nani apige?"

Nikasikia viatu vya mieleka vinakimbia kwenye lami. Furaha alikuja mbio, amelowa jasho, hatukujua anatoka kushinda au kushindwa, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Alituona, akasimama. Kisha akajitupa kifudifudi kwenye majani, shavu chini, akachungulia chini ya bega langu la kushoto, akazunguka, akachungulia la kulia. Akapiga ardhi kwa kiganja.

"Imeisha, Mama," akasema. "Na yangu nimeimaliza hivi hivi, mabega yote mawili."

Mama Furaha akapiga kigelegele mpaka mlinzi akacheka. Walikumbatiana palepale, magotini, juu yangu, wanalia na kucheka kwa lugha zote walizonazo, goti la mmoja wao likiwa bado kifuani mwangu. Mimi nilikuwa chini, nayatazama mawingu yakipita, na sikuwa na haraka yoyote ya kuinuka.